Simu ya Mama Mapasa

Mwezi wa pili mwaka huu simu ya mke wangu ilianguka kutoka kwenye meza ya mashini ya kushona, ikagonga sementi kwa kona. Haikufa. Kioo kilipasuka upande wa chini, na sehemu ile ikaacha kusikia kidole. Kwa siku tatu aliendelea kuitumia kwa kuilaza ubavu, ili kilichokuwa chini kihamie pengine. Halafu hata hiyo ikashindikana. Akaitia ndani ya kopo la vifungo, akaniambia kwamba kuanzia sasa wateja watakuja wenyewe nyumbani.

Wakati huo nilikuwa nimepata dola 150. Mtafiti mmoja alinipa kazi ya kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa katika soko la komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, akanilipa siku nilipomaliza. Nilimwambia mke wangu: fedha hii ni ya simu yako. Alifurahi. Sikujua kwamba kazi iliyobaki, ile ya kuchagua, ingetuchukua wiki tatu, wala kwamba ingenifundisha juu ya nyumba yangu jambo ambalo miaka yangu yote ya isimu haikunifundisha.

Niseme kwanza yeye ni nani. Mtaani kwetu Katuba watu wanamwita Mama Mapasa, kwa sababu uzazi wetu wa kwanza ulituletea watoto wawili. Mimi ni Baba Mapasa, hata kinywani mwake. Ana miaka 22. Alizaliwa upande wa Kasenga, kando ya mto Luapula, na Kibemba ndiyo lugha ya mama yake. Alikuja mjini akiwa na miaka 10, akalelewa na shangazi. Ushonaji aliujifunza katika atelier ya mama mmoja kwa kutazama mikono ya wenzake. Leo anashona nyumbani: mabaya ya vikwembe, sare za shule, na kabla ya Pasaka nguo nyeupe za watoto wa komunyo ya kwanza. Mwezi mzuri, yeye ndiye anayelipa nyumba. Simu yake si pambo.

Mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni iPhone XR iliyokwisha kutumika, ambayo yaya mmoja wa mtaani alikuwa anaiuza kwa dola 150. Ya pili ni simu mpya ya Android, ndani ya kartoni yake, kwa dola 110 hivi. Nilipeleka jambo hilo kwa wenzangu chini ya miti ya Kasapa, na ninyi mnaosoma hapa mnajua yaliyofuata. Katika kitivo chetu mjadala huu una waumini kama mpira ulivyo na mashabiki wake.

Nilifanya kama tulivyofundishwa: nilichora jedwali. Apple ilianza kuuza iPhone mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android ilitoka 2008. Tangu hapo hizi ni njia mbili tofauti za kufikiri. Apple hutengeneza simu na mfumo wake pamoja, wala haigawi mfumo huo kwa kampuni nyingine. Android, ambayo Google iliinunua mwaka 2005, hupewa watengenezaji wengi, ndiyo maana unaikuta katika simu ya dola 60 na pia katika simu ya dola 1,000.

Kwa upande wa XR, iliyotoka 2018, niliandika: kamera nzuri, sauti safi, mwili imara, na jina. Dhidi yake niliandika: betri ya 2,942 mAh, wakati simu nyingi mpya za bei ndogo zina 5,000, na kwetu umeme ukikatika jioni hujui utarudi saa ngapi. Haina mahali pa kuongeza kadi ya kumbukumbu, kama iPhone zote. Ina nafasi ya kadi moja ya laini, ya pili ikiwa eSIM, na mke wangu ana laini mbili kwa sababu wateja wake wako kwenye mitandao miwili. Kebo yake ni ya Lightning, ambayo jirani hana. Tena ni ya mkono wa pili: lazima kuangalia kwenye mipangilio asilimia ya afya ya betri, na kuhakikisha mwenyewe wa kwanza ameondoa akaunti yake, la sivyo utakuwa umenunua kipande cha kioo kilichofungwa.

Upande wa Android niliandika: laini mbili, kadi ya kumbukumbu, redio ya FM isiyokula mega, na fundi kila kona. Dhidi yake: kamera ya kawaida, na masasisho ya mfumo ambayo kwa simu za bei hiyo hayadumu miaka mingi. Kuhusu kutuma fedha kwa simu, nilikuta zote ni sawa, kwa kuwa huduma hizo hufanya kazi kwa kupiga kodi fupi. Kuhusu kobalti ya ndani ya betri sikuweka alama yoyote. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka upande wetu wa Kolwezi, na hakuna kati ya simu hizo mbili iliyotupunguzia bei kwa ajili hiyo.

Mtu akihesabu alama zangu ataona kwamba Android ilishinda. Hata hivyo nilichagua iPhone. Nilijiambia kwamba kamera ile itamsaidia kupiga picha nguo zake na kuvutia wateja. Hiyo ilikuwa sababu ya kusemwa. Ya kutosemwa ni kwamba nilikuwa natafuta kifaa cha kurekodia wazungumzaji wa memwari yangu, na nilikuwa nimekwisha kuhesabu siku ambazo ningeomba kuazima simu ya mke wangu. Tena, niseme ukweli wote, nilipenda wazo la kwamba mke wa mwanafunzi anayeenda darasani kwa miguu angetoa iPhone mkobani.

Nilimsomea jedwali jioni moja, kipengele kwa kipengele. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho. Nilipomaliza alisema:

“Baba Mapasa, mi minataka tu ya namna ile ile ya zamani.”

“Ju ya nini?”

“Ju minaiyua.”

Nilimweleza kwamba kuijua si sababu, kwamba kila kitu hujifunzwa, kwamba hata mashini ya kushona hakuzaliwa nayo. Alikubali yote hayo, na mwishoni akarudia sentensi ile ile. Kwa wiki mbili tulikuwa hivyo. Mimi nilileta hoja mpya, yeye alikuwa na moja. Nilianza kuona ndani yake uoga wa maendeleo, na siku moja nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Hakujibu. Alifunga mashini na kwenda kuwaogesha watoto.

Juma la tatu nilipata wazo la kumpeleka akaishike mwenyewe. Yaya mwenye XR alikuwa ameiacha katika duka dogo la simu mjini, ambako rafiki yake anauza kwa niaba yake. Muuzaji alimpa mke wangu simu ikiwa imewaka. Nilisimama nyuma yake kidogo, nikiwa na uhakika kwamba kioo kile kingemshinda moyo.

Niliona kidole gumba chake kinashuka chini, upande wa kulia, mahali ambapo simu yake ya zamani ilikuwa na kitufe cha kurudi. Hapakuwa na kitu. Akagusa tena. XR haina kitufe chini; unarudi mwanzo kwa kuburuta kidole kutoka chini kwenda juu, na ndani ya programu unarudi nyuma kwa mshale mdogo ulio juu kushoto, au kwa kuburuta kutoka ukingoni. Alikuwa ameingia mahali fulani ndani ya mipangilio, na hakujua kutoka. Akacheka kidogo, kicheko ambacho si chake. Muuzaji, kijana mwenye heshima, alisema:

“Mama, haina nguvu. Unasoma tu, inakuonyesha yote.”

Mke wangu alinirudishia simu bila kunitazama. Alimshukuru kijana, akatoka nje. Nilimfuata.

Katika takisi-basi hatukusema. Tuliposhuka, mbele ya mahali wanapouza makala, alisimama, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika siku hiyo hiyo katika daftari langu la utafiti, ukurasa wa peke yake:

“Weye unasomaka. Mi minakumbukaka.”

Tunajua wote, katika kitivo hiki, kiambishi hicho -ak- kinafanya nini. Kiswahili cha Lubumbashi kinakitumia kwa jambo la mazoea, pale ambapo Kiswahili sanifu kingeweka hu-. Ni ndugu wa viambishi vya namna hiyo katika lugha nyingi za Kibantu. Nimekichambua katika sentensi nyingi za watu wengine. Siku ile nilikisikia kwa mara ya kwanza. Hakusema kwamba leo, dukani, alishindwa kusoma. Alisema kwamba kila siku, tangu tulipooana miaka mitatu iliyopita, alikuwa anakumbuka pale ambapo mimi nilikuwa nasoma. Na mimi sikuwa najua.

Usiku, watoto walipolala, alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna ya kukata shingo ya nguo. Shule aliiacha Kasenga katika mwaka wa tatu wa msingi. Tarakimu anazijua zote, bila hivyo utepe wa kupimia ungekuwa kamba tu. Jina lake anaweza kuliandika. Herufi anazitambua moja moja, lakini zikiunganika zinamchosha, na anapofika mwisho wa neno amesahau mwanzo wake. Mbele yangu aliona aibu, kwa sababu, alisema, aliolewa na mtu wa vitabu. Kila alipokuwa anasema “macho inachoka, unisomee”, mimi nilisoma. Kanisani anafungua kitabu cha nyimbo kama wengine, lakini nyimbo anazijua kwa kichwa.

Kisha akachukua simu ile iliyopasuka na kunionyesha anavyoishi ndani yake. Kila programu ina “nyumba” yake, ndivyo anavyosema. Ya majani ya mazungumzo iko chini, ya pili kutoka mkono wa kuume. Saa iko juu. Kikokotoo kiko karibu na picha, kwa sababu vyote viwili anavitumia mteja anapofika. Kitufe cha kurudi ni mlango: popote atakapopotea, anakigusa mara nyingi mpaka anajikuta nje. Wateja anawatambua kwa picha zao. Mteja akibadilisha picha, ni kama amehama bila kuaga. Kwa hiyo karibu na namba alikuwa ameweka emoji: muhindi kwa mama anayeuza unga, gari kwa mke wa dereva, samaki kwa yule anayeleta vitoyo kutoka Luapula, pete kwa bibi harusi wa mwezi wa nne. Emoji hizo nilikuwa nimeziona, nikafikiri ni mchezo wa kike. Zilikuwa maandishi. Alikuwa amejitengenezea maandishi yake, kila alama ikiwa mtu mzima, na nikiwa mwanafunzi wa lugha nilipita mbele yake kila siku bila kuuliza.

Tena kuna sauti. Wateja wanamtumia vipimo kwa ujumbe wa sauti: kifua, kiuno, urefu wa mkono, siku ya kuchukua nguo. Haandiki popote. Akitaka kukata, anafungua mazungumzo ya mwenye samaki, anasikiliza, anakata. Daftari lake la kazi ni sauti hizo, zaidi ya mwaka mzima wa kazi. Pamoja nazo kuna za mama yake, ambaye kule Kasenga humpa mtoto wa jirani simu na kusema kwa Kibemba mpaka pumzi inakwisha.

Hapo nilielewa nilichokuwa nakaribia kufanya. Kuhama kutoka Android kwenda iPhone kunawezekana: Apple ina programu ya kuhamishia, na tangu 2022 hata mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kuvuka, mradi iPhone iwe imerudishwa katika hali ya mwanzo. Majina na namba zingefuata akaunti. Emoji zingefika, ingawa Apple na Google wanazichora kila mmoja kwa mkono wake, na samaki wa huku si samaki wa kule. Lakini nyumba zisingefika. Mlango wa kurudi usingefika. Kwangu mimi ninayesoma, mifumo hii miwili ni kama lahaja mbili: baada ya siku mbili nimezoea. Kwake ilikuwa kumhamisha mtu katika mji asioujua, usiku, na kumwambia asome vibao vya barabara.

Nilikumbuka pia mambo mengine, na kila moja lilikuwa na uchungu wake. Siku programu moja anayoipenda ilipojisasisha na kuhamisha vitufe vyake kutoka juu kwenda chini, alikuja kuniambia simu imeharibika. Nilicheka. Ujumbe wangu wa maandishi alikuwa anaujibu kwa sauti, tena saa mbili baadaye, baada ya kumpata mtu wa kumsomea. Nami katika kazi moja ya semina nilikuwa nimeandika kwamba vijana wa Lubumbashi wanapenda ujumbe wa sauti kwa sababu ya utamaduni wetu wa masimulizi. Nilipata alama nzuri. Sikumuuliza hata mtu mmoja kama anaweza kuandika.

Sasa nikafanya kosa la pili, ambalo ni la msomi zaidi kuliko lile la kwanza. Nilifikiri: kama ni hivyo, tatizo ni Kifaransa. Simu yake ilikuwa inasema Kifaransa, lugha rasmi ya nchi, ambayo yeye haisemi vizuri. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Android ina Kiswahili, na ukikichagua inakuuliza cha nchi gani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha. Katika iPhone unaweza kuandika kwa Kiswahili, lakini nilipojaribu kukipa Kiswahili nafasi ya kwanza, menyu za mfumo zilibaki kama zilivyokuwa. Basi, nikasema, hii ndiyo hoja ya kweli ya Android: itamsemesha lugha yake.

Nilimwazima simu yangu, ambayo ni ya Android, nikaigeuza kuwa ya Kiswahili cha Kongo. Nikamsomea kwa sauti. Mipangilio. Arifa. Matunzio. Ghairi.

“Ghairi ni nini?”

“Ni annuler.”

“Sasa si waandike annuler? Hii ni Kiswahili ya wapi?”

Nilimwambia ni Kiswahili bora. Akasema ni kizuri, lakini si cha Katuba. Na kweli, jina la Kongo lilikuwa mlangoni tu. Ndani maneno yalikuwa yale yale anayoyasoma mtu wa Dar es Salaam. Tangu Ferguson aandike juu ya diglosia mwaka 1959, na tangu Polomé aeleze Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960, tunajua kwamba kati ya lugha ya juu na lugha ya nyumbani kuna ngazi. Nilikuwa nimemtoa kwenye ngazi moja na kumweka kwenye nyingine.

Halafu akataka kuona orodha ya programu zote, akaiburuta, akasimama.

“Kamera iko wapi?”

Kwa Kifaransa kamera inaitwa Appareil photo, kwa hiyo katika orodha inayopangwa kwa alfabeti inakaa juu kabisa. Kwa Kiswahili ni Kamera, imeshuka katikati. Saa, ambayo kwa Kifaransa ni Horloge, imekwenda karibu na mwisho. Kwa kumpa lugha yake nilikuwa nimezivunja nyumba zake zote kwa mguso mmoja.

“Rudisha,” alisema. “Usinichanganyie manyumba.”

Nilirudisha Kifaransa.

Tulinunua Android, ya kampuni ile ile ya simu iliyopasuka, toleo jipya zaidi, na yeye ndiye aliyechagua. Dukani hakusikiliza sifa. Aliomba iwashwe, akatazama kama vitufe vitatu viko chini, akafungua orodha, akatafuta kamera kwa kidole, akajirekodi sauti fupi na kuisikiliza. Ilimchukua dakika nne. Ni uchunguzi mzuri kuliko jedwali langu, na uligharimu dola 40 pungufu.

Kabla ya kuhamisha, nilihifadhi mazungumzo yake ya WhatsApp katika akaunti ya Google, nikitumia intaneti ya rafiki hapa kampasi, kwa sababu kwa mega za kununua tungemaliza fedha ya unga. Kwa wale watakaofanya hivyo: siku hizi hifadhi hiyo inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure za akaunti, kwa hiyo futeni kwanza video msizozihitaji. Msifute sauti. Jumapili, baada ya misa, tulikaa kwenye mkeka na simu mbili, ile iliyopasuka na ile mpya, pamoja na moja ya mapasa aliyetaka kuila kebo. Yeye alielekeza, mimi nikasogeza: hii hapa, ile juu yake, hapana, mkono wa kuume. Saa tatu nzima. Tulipomaliza alifungua mazungumzo ya bibi harusi wa mwezi wa nne, akagusa, na sauti ya yule dada ikatoka: kifua tisini na mbili. Akaweka simu chini na kwenda kupika.

Sisemi kwamba Android ni bora kuliko iPhone. Kama mke wangu angekuwa ameanza maisha yake ya simu na iPhone, nyumba zake zingekuwa kule, na simu ya Android ndiyo ingekuwa mji wa kigeni. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nalinganisha simu na simu, wakati jambo la kulinganishwa lilikuwa simu na mtu. Mwenzangu unayetaka kumnunulia mke au mume simu, usimuulize anapenda ipi, maana atakujibu kwa heshima. Mwombe akuonyeshe, kwa simu aliyo nayo, anavyompigia mama yake, anavyotafuta picha ya jana, na anavyotoka akipotea. Kaa kimya umtazame mikono.

Kwetu sisi wa kitivo kuna swali la pili. Hojaji ya memwari yangu ilikuwa na maswali 20, yote ya kusomwa na kujazwa. Niliigawa sokoni, na wanawake kadhaa waliirudisha tupu, wakisema hawana muda. Niliandika katika ripoti yangu: “walikataa kushiriki”. Nimerudi kwao bila karatasi, na kinasa sauti nilichokiazima kwa mwalimu wangu. Hakuna hata mmoja aliyekosa muda.

Jambo la kusoma lenyewe bado liko kati yetu. Nilijitolea kumfundisha. Alikataa: hataki mwalimu ndani ya nyumba, mume anamtosha. Katika parokia yetu kuna darasa la watu wazima siku ya Jumanne alasiri. Amesema ataenda nguo za komunyo zikikwisha. Zimekwisha, na sasa kuna sare za shule. Simsukumi. Nimejifunza tu, nikifika na karatasi yoyote, kuisoma kwa sauti bila kungoja aseme kwamba macho yamechoka.

Makala hii nilimsomea yote kabla ya kuitoa, kwa sababu ni yeye zaidi kuliko mimi. Alisikiliza huku akipiga pasi. Niliogopa aseme nifute mahali pa takisi-basi. Alisema niache, lakini kuna kosa: simu haikuwa dola 110. Ilikuwa dola 108, na mbili zilikuwa za kava, na kava alilipa yeye.